Jinsi ya kueleza sanduku la barua la vichakataji katika mti wa vifaa wa Linux

Chipu nyingi zinazotumiwa leo katika mitambo midogo zina vichakataji vya aina mbili au zaidi. Chukua mfano wa kidhibiti cha pikipiki ya umeme, ya zile zinazozidi kuonekana katika barabara za Nairobi. Kichakataji kikubwa huendesha Linux, hutuma mahali pikipiki ilipo na huonyesha kiwango cha chaji, ilhali kichakataji kidogo hakina kazi nyingine ila kupima volti za betri na kukata umeme papo hapo hali inapokuwa ya hatari. Viwili hivi havina budi kuzungumza, na ndani ya chipu huwapo kifaa maalumu cha kuvizungumzisha, ambacho wahandisi hukiita sanduku la barua.

Linux haina njia ya kukigundua kifaa hiki yenyewe. Kifaa cha USB hujitambulisha mara kinapochomekwa, lakini sanduku la barua ni rejista chache tu, yaani vihifadhi vidogo vya data ndani ya chipu, zilizokaa kwenye anwani fulani, na keneli, kiini cha Linux, ikielekezwa kwenye anwani isiyo sahihi, itasoma takataka au bodi itaganda. Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tunaoiambia keneli, kupitia faili inayoitwa mti wa vifaa, ambamo kila kifaa kina nodi yake, yaani kifungu chenye sifa zinazokieleza. Wazo hili lilitokana na Open Firmware, kiwango cha programu ya kuwashia tarakilishi, iliyosanifishwa kama IEEE 1275 mwaka 1994. Upande wa vichakataji vya ARM lilishika kasi baada ya mwaka 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolalamika hadharani kuhusu wingi wa faili za C zilizokuwa zikiandikwa kwa kila bodi. Mfumo wa pamoja wa masanduku ya barua uliingia katika Linux toleo la 3.18, Desemba 2014, na sifa nitakazozieleza hapa ni za mfumo huo.

Nina jambo moja la kusisitiza kabla ya hatua yoyote. Nodi ya sanduku la barua huandikwa kutoka kwenye kitabu cha rejista cha chipu, wala hainakiliwi kutoka kwenye bodi nyingine kwa sababu tu inafanana nayo. Nodi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikamaanisha vitu tofauti kabisa, na sababu ya hayo itaonekana tukifika hatua ya nne.

Mahitaji

Unahitaji tarakilishi yenye Linux, vifurushi vya `device-tree-compiler` na `gcc-aarch64-linux-gnu`, na msimbo wa keneli. Ukitumia bando la simu, pakua msimbo kwa `git clone --depth 1`, kwa maana historia nzima ya keneli ni gigabaiti kadhaa na huihitaji kwa kazi hii. Kisha tafuta waya wa volti 3.3 wa kugeuza USB kuwa UART, lango ambalo bodi hutolea ujumbe wake wa maandishi, unaopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya kielektroniki ya Luthuli Avenue. Bila waya huo hutaona lolote bodi ikishindwa kuwaka. Hakikisha ni wa volti 3.3 na si 5, kwa sababu pini za chipu hizi hazivumilii 5.

Hatua ya kwanza: jua kifaa chako ni cha aina gani

Jina ni moja lakini vifaa ni vya namna nyingi. Vipo vinavyobeba ujumbe wenyewe, na vipo vinavyobisha hodi tu. Anayeijua matatu anaielewa tofauti hii: makanga akigonga bodi, dereva anajua kuna jambo, lakini kishindo chenyewe hakisemi abiria ni nani wala anashuka wapi. IPCC, sanduku la barua la chipu za STM32MP1, ni ya aina hii ya pili. Ina chaneli 6, yaani njia 6 za kupitishia ishara, na kila chaneli hubeba alama tu ya kwamba pana jambo, huku maneno yenyewe yakiwa katika kumbukumbu ya pamoja. MHU, sanduku la ARM, ina rejista za biti 32 za kuwasha, kuzima na kusoma hali, na kwa kawaida hutumiwa pia kama kengele. Sanduku la BCM2835, lililo katika Raspberry Pi, hubeba neno la biti 32 ambamo biti 28 za juu ni data na 4 za chini ni namba ya chaneli. MU, sanduku la chipu za i.MX, ina rejista 4 za kutuma na 4 za kupokea, kila moja ya biti 32, na juu ya hizo ina kengele zisizobeba data.

Fungua kitabu cha chipu yako utafute majibu ya maswali machache: rejista zinaanzia anwani gani na zinachukua nafasi kiasi gani, kama kifaa kina pande mbili zenye anwani tofauti, upande upi ni wa kichakataji kinachoendesha Linux, ni katizo lipi, yaani ishara ya kukiita kichakataji, linalopigwa ujumbe unapofika, ni mapigo gani ya saa yanayokiendesha, na chaneli moja hutofautishwa na nyingine kwa namba ngapi. Andika majibu hayo kwenye karatasi, kila moja na ukurasa wake, kabla ya kugusa faili yoyote.

Hatua ya pili: soma mti ulio hai

Kabla ya kuandika wako, soma ambao tayari unafanya kazi. Raspberry Pi 3 inatosha kabisa kwa somo hili. Iwashe, kisha andika:

```
xxd /proc/device-tree/soc/mailbox@7e00b880/reg
```

Jibu litakuwa `7e00 b880 0000 0040`. Hizi ni seli mbili za biti 32, na baiti kubwa ndiyo inayotangulia, kwa kuwa mti uliokusanywa huhifadhiwa hivyo hata kwenye kichakataji kinachopanga baiti kinyume chake. Seli ya kwanza ni anwani, ya pili ni ukubwa: baiti 0x40.

Sasa linganisha na keneli inavyoona, ukiwa na mamlaka ya msimamizi:

```
sudo grep mailbox /proc/iomem
```

Utaona masafa yanayoanzia `3f00b880` na kuishia `3f00b8bf`. Anwani imebadilika. Ile ya 0x7e00b880 ni anwani ya basi, jinsi upande wa VideoCore, kichakataji cha michoro cha chipu hiyo, unavyoviona vifaa, na nodi mama iitwayo `soc` ina sifa ya `ranges` inayosema kwamba 0x7e000000 ya basi ni 0x3f000000 kwa kichakataji cha ARM. Kwenye Pi ya kwanza, hesabu hiyo hiyo ilianzia 0x20000000, na kwenye Pi 4 huanzia 0xfe000000. Sifa ya `reg` ya sanduku haikuguswa katika vizazi vyote hivyo. Upande wa anwani, kilichobadilika ni `ranges` ya mama yake. Kwa hiyo usiandike kamwe anwani ndani ya `reg` kabla ya kusoma `ranges` ya nodi inayoizunguka.

Ukitazama faili ya `#mbox-cells` katika saraka hiyo hiyo utakuta sifuri. Namba ya chaneli katika kifaa hiki husafiri ndani ya neno lenyewe la biti 32, na anayeitia humo ni kiendeshi cha mteja, yaani programu ya keneli inayolitumia sanduku, ambacho hutumia chaneli ya 8. Mti hauna la kuongeza, na ndiyo maana mteja huandika `mboxes = <&mailbox>;` bila namba yoyote.

Hatua ya tatu: andika nodi ya sanduku

Kuanzia hapa nitatumia i.MX 8M Plus, yenye vichakataji vinne vya Cortex-A53 na kimoja cha Cortex-M7, kwa kuwa inafanana na kazi ya pikipiki niliyoitaja. Nodi hii tayari imo katika faili ya chipu ndani ya keneli. Naiandika hapa ili tuelewe kila mstari wake.

```
mu: mailbox@30aa0000 {
    compatible = "fsl,imx8mp-mu", "fsl,imx6sx-mu";
    reg = <0x30aa0000 0x10000>;
    interrupts = <GIC_SPI 88 IRQ_TYPE_LEVEL_HIGH>;
    clocks = <&clk IMX8MP_CLK_MU_ROOT>;
    #mbox-cells = <2>;
};
```

Neno `mu` kabla ya nukta mbili ni lebo, nalo hutumika ndani ya faili tu, kwa ajili ya nodi nyingine kuirejelea hii. Jina la nodi ni `mailbox`, yaani kazi ya kifaa na si chapa yake, na namba baada ya alama ya `@` ni lazima ilingane na namba ya kwanza ya `reg`.

Katika `compatible` huwekwa jina mahususi kwanza, kisha la jumla. Keneli hutafuta kiendeshi cha jina la kwanza, na isipokipata hutumia cha pili. Usiweke jina la pili kwa kubahatisha. Unapoliandika unaahidi kwamba rejista za chipu yako zinafanya kazi sawasawa na za chipu ile ya zamani.

Kuhusu `reg`, MU ina pande mbili. Upande A uko 0x30aa0000 na upande B uko 0x30ab0000. Linux inatumia A, na programu ya Cortex-M7 inatumia B. Pande zote mbili zikielekezwa kwenye anwani moja, barua za vichakataji vyote viwili zitaishia upande wa pili usio na msomaji, na hakuna kosa litakalotangazwa. Endapo katika mpango wako Linux ndiyo inayokaa upande B, ipo sifa ya `fsl,mu-side-b` ya kulisema hilo.

Katizo huwatatiza wengi kwa sababu ya hesabu. Namba 88 ni ya makatizo ya pamoja ya GIC (kidhibiti cha makatizo cha ARM), ambayo huanza kuhesabiwa baada ya 32 za mwanzo. Ndani ya keneli katizo hilo hilo litaonekana kama 120. Vitabu vya baadhi ya chipu huorodhesha 88, vingine huorodhesha 120. Tazama orodha ya kitabu chako inaanzia sifuri au 32, na ikianzia 32, toa 32 kabla ya kuandika.

Mstari wa `clocks` usiuone mdogo. Rejista zisipopata mapigo ya saa hazijibu, na kichakataji kinachozisoma kinaweza kusubiri jibu lisilokuja. Bodi inayoganda kimya wakati wa kuwaka, bila ujumbe wowote kwenye UART, mara nyingi ina tatizo la namna hii.

Hatua ya nne: `#mbox-cells`, mahali pa kutuliza akili

Sifa hii husema ni namba ngapi zinazofuata rejeleo la sanduku kila mteja anapolitaja. Mwenye kuamua idadi na maana yake ni kidhibiti, si mteja. Katika IPCC ni namba moja, namba ya chaneli. Katika MU ni mbili: ya kwanza ni aina ya chaneli na ya pili ni namba yake. Aina nne za msingi ni 0 kwa kutuma, 1 kwa kupokea, 2 kwa kengele ya kutuma na 3 kwa kengele ya kupokea. Hivyo `<&mu 0 1>` ni rejista ya kutuma namba 1, wala si chaneli 0 na 1 kama ambavyo mtu aliyezoea chipu nyingine angedhani.

Tuseme basi mtu amenakili nodi kutoka kwenye bodi ya seli moja, akaacha `#mbox-cells = <1>`, lakini mteja wake akaandika hivi:

```
mboxes = <&mu 0 1>, <&mu 1 1>;
```

Mabano na mikato hiyo ni kwa ajili ya macho yetu tu. Mti ukishakusanywa, kinachobaki ni mfululizo wa seli sita: rejeleo, 0, 1, rejeleo, 1, 1. Keneli inaposoma ikiwa imeambiwa seli ni moja, inachukua rejeleo na 0 kama sanduku la kwanza, kisha inaichukua ile 1 iliyofuata kama rejeleo la nodi nyingine. Marejeleo ni namba za kawaida ambazo kompaila huzigawa kuanzia 1. Kwa maneno mengine, nodi yenye rejeleo namba 1 ipo kweli, huenda ikawa kidhibiti cha makatizo au kichakataji cha kwanza, na keneli itakwenda kuitafutia `#mbox-cells`. Kosa litakaloripotiwa litataja nodi ambayo hukuigusa, nawe utatumia jioni nzima ukiichunguza. Ndiyo sababu nasisitiza kitabu: `2` katika mstari huu haikutoka kwenye bodi ya jirani, imetoka kwenye maelezo ya kifaa.

Hatua ya tano: tenga kumbukumbu ya pamoja

Rejista za biti 32 hazitoshi kubeba vipimo vya betri nzima. Kwa kawaida ujumbe huwekwa kwenye RAM, na sanduku hutumika kumwambia mwenzako kwamba upo. Sehemu hiyo ya RAM lazima itengwe kabla keneli haijaigawa kwa kazi nyingine:

```
reserved-memory {
    #address-cells = <2>;
    #size-cells = <2>;
    ranges;

    vring0: vdev0vring0@55000000 {
        reg = <0 0x55000000 0 0x8000>;
        no-map;
    };

    vring1: vdev0vring1@55008000 {
        reg = <0 0x55008000 0 0x8000>;
        no-map;
    };

    vdevbuffer: vdevbuffer@55400000 {
        compatible = "shared-dma-pool";
        reg = <0 0x55400000 0 0x100000>;
        no-map;
    };
};
```

Sifa ya `no-map` huizuia keneli isiiweke sehemu hiyo katika ramani yake ya kawaida ya kumbukumbu. Bila hiyo, kichakataji kikubwa kinaweza kubaki na nakala ya zamani ndani ya kumbukumbu yake ya haraka huku kidogo kikiwa kimeshaandika upya, na vipimo vitakavyoonekana vitakuwa vya kale. Katika kifaa kinacholinda betri, hilo si kosa la kulipuuza.

Kumbuka pia kwamba anwani zote humu ni kama zinavyoonekana na kichakataji kinachoendesha Linux. Cortex-M7 ya chipu hii huiona kumbukumbu yake ya ndani ya data kwenye 0x20000000, lakini Cortex-A53 huiona kumbukumbu hiyo hiyo kwenye 0x00800000. Mti hubeba ya pili. Tafsiri ya kwenda upande wa pili ni kazi ya kiendeshi.

Iwapo kifaa chako ni cha itifaki ya SCMI ya ARM, inayotumika kusimamia umeme na saa za chipu, sehemu ya pamoja kwa kawaida hukaa katika SRAM, kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu, na mteja huielekea kwa sifa ya `shmem` badala ya `memory-region`. Kanuni ni ile ile.

Hatua ya sita: andika nodi ya mteja

Mteja ni yule anayetumia sanduku. Kwetu ni nodi inayowakilisha Cortex-M7. Nimeacha sifa zake nyingine zisizohusu mawasiliano.

```
cm7 {
    compatible = "fsl,imx8mp-cm7";
    mboxes = <&mu 0 1>, <&mu 1 1>, <&mu 3 1>;
    mbox-names = "tx", "rx", "rxdb";
    memory-region = <&vdevbuffer>, <&vring0>, <&vring1>;
};
```

Majina katika `mbox-names` hufuata mpangilio wa `mboxes` moja kwa moja, na kiendeshi huomba chaneli kwa jina. Hayachaguliwi kwa ladha ya mwandishi. Ni yale yaliyoandikwa katika maelezo rasmi ya kiendeshi husika. Ukiandika `"tuma"` badala ya `"tx"` hakuna atakayeitafuta.

Neno linalopita ndani ya rejista katika mpangilio huu huwa na namba ya foleni tu, iliyosogezwa biti 16 kushoto. Foleni zenyewe zimo katika `vring0` na `vring1`, na ujumbe wenyewe umo katika `vdevbuffer`.

Kuna kishawishi cha kuongeza mambo katika nodi ya mteja: muda wa kusubiri jibu, kipaumbele cha ujumbe, jina la programu itakayopakiwa kwa sababu ya mahitaji ya kampuni yako. Kizuie. Mti hueleza kifaa kilivyo, nao unaweza kusomwa na U-Boot (kipakiaji kinachoiwasha Linux), Zephyr au mfumo endeshi mwingine ambao hauna habari na mipango yako. Muda wa kusubiri ni uamuzi wa programu, na mahali pake ni katika kiendeshi.

Hatua ya saba: kusanya na kagua

```
make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- defconfig
make ARCH=arm64 W=1 freescale/pikipiki.dtb
make ARCH=arm64 CHECK_DTBS=y freescale/pikipiki.dtb
```

Hapa `pikipiki` ni jina la faili yako, nalo lazima liongezwe katika `Makefile` ya saraka hiyo. Amri ya pili hukusanya na kuonya. Kompaila huzijua `mboxes` na `#mbox-cells`, hivyo kosa la seli nililolieleza mara nyingi hulishika hapa kwa kulalamika kwamba ukubwa wa sifa haulingani na idadi ya seli au kwamba rejeleo fulani si halali. Onyo hili halizuii faili kukusanywa, na ndipo hatari ilipo: mtu huona `.dtb`, yaani mti uliokusanywa, imetokea akaendelea. Soma kila onyo linalotaja nodi zako.

Amri ya tatu hulinganisha mti na skima za YAML, yaani kanuni rasmi za nodi za kila kifaa, zilizomo katika `Documentation/devicetree/bindings`. Inahitaji zana ya `dtschema`, inayosakinishwa kwa `pip install dtschema`.

Hatua ya nane: ikiwa kifaa ni kipya kabisa

Kama sanduku lako halina skima, kwa mfano umeliunda mwenyewe ndani ya FPGA (chipu ambayo mtumiaji huipanga saketi zake mwenyewe), utaiandika. Moyo wake ni huu:

```
properties:
  compatible:
    const: mfano,sanduku-v1
  reg:
    maxItems: 1
  interrupts:
    maxItems: 1
  "#mbox-cells":
    const: 1
    description: Namba ya chaneli.
```

Alama za nukuu kwenye `"#mbox-cells"` ni za lazima, kwa kuwa katika YAML alama ya `#` huanzisha maoni na mstari wote ungepotea. Ongeza orodha ya `required`, mstari wa `additionalProperties: false`, na mfano mmoja kamili, kisha kagua kwa `make dt_binding_check`. Ikiwa unakusudia kuituma kwa watunzaji wa keneli, andika maelezo kwa Kiingereza na uyape nafasi zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote: eleza kila seli inamaanisha nini, kwa sababu atakayeisoma hana kifaa chako mbele yake.

Hatua ya tisa: jaribu kwenye bodi

Weka `.dtb` mpya kando ya ile ya zamani bila kuifuta, ili stima ikipotea katikati ya kunakili, au mti mpya ukishindwa, U-Boot iweze kurudi kwenye ule uliokuwa ukifanya kazi. Bodi ikishawaka, usiamini faili uliyoandika. Tazama mti ambao keneli imeupokea:

```
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree | less
```

Tafuta nodi yako humo. Ikiwa haipo, basi kipakiaji kimesoma faili nyingine. Ikiwapo lakini kiendeshi hakijaanza, soma orodha ya vifaa vinavyosubiri:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```

Mteja anayeomba chaneli kabla sanduku halijasajiliwa haripoti kosa. Huwekwa kando kusubiri. Sanduku lisiposajiliwa kamwe, pengine kwa sababu kiendeshi chake hakikuwashwa katika usanidi wa keneli au nodi ina `status = "disabled"`, mteja atasubiri daima, na faili hii ndiyo itakayokuonyesha.

Sasa weka programu ya Cortex-M7 katika `/lib/firmware` na uianzishe:

```
cd /sys/class/remoteproc/remoteproc0
echo betri.elf | sudo tee firmware
echo start | sudo tee state
grep -w 120 /proc/interrupts
```

Kiendeshi cha MU huomba katizo pale mteja anapofungua chaneli, hivyo usishangae mstari huo ukikosekana kabla ya kuanzisha. Programu ya upande wa pili ikituma ujumbe, hesabu iliyo kwenye mstari wa 120 inapaswa kupanda. Isipopanda, kagua kwa mpangilio huu: je, programu ya M7 imeandikwa kutumia upande B, 0x30ab0000; je, namba ya rejista inayotumia ndiyo ile ya pili katika `<&mu 1 1>`, yaani 1 na si 0; na je, namba ya katizo uliyoandika ni 88 au kwa bahati mbaya ni 120 yenyewe, ambayo keneli ingeiongeza 32 na kusikiliza 152. Ikipanda lakini data haionekani, sanduku na makatizo yako ni mazima, nawe rudi kwenye hatua ya tano ulinganishe anwani za `vring0` na `vring1` na zile zilizomo katika jedwali la rasilimali la programu ya M7, yaani orodha ya vitu inavyoviomba kwa Linux, tarakimu kwa tarakimu.